Sauti Iliyouliza Kisha Ikakataza Kujibiwa

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Ofisini wanasema nimeacha kazi, na kwenye karatasi zao wameandika hivyo. Mimi nasema nimestaafu, kwa sababu neno hilo lina heshima kidogo, na kwa sababu nimechoka kama mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Nyinyi mnaokuja baada yangu katika kituo cha walimu hapa Malindi mtaelezwa mengi kuhusu rekoda, kanda na mitihani ya kusikiliza. Mtaelezwa na watu ambao hawajaingia darasani lenye watoto ndani tangu wao wenyewe walipokuwa watoto. Nimeona niwaandikie mapema, kabla hawajaniwahi.

Siku ya kwanza nilifika na cheti cha chuo kikuu ndani ya bahasha na shati alilolipiga pasi mama yangu kule Kibarani. Nilitarajia meza na kiti. Nilipewa stoo. Ndani ya stoo alikuwamo mzee mmoja mwembamba, amekaa juu ya kasha, amezungukwa na rekoda zilizofunguliwa matumbo. Huyo ndiye Bwana Athmani, mtunza vifaa, ambaye kituo kizima kilimwita Ami. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaniuliza nimesomea nini. Nikamwambia nimesomea elimu, hasa upimaji wa wanafunzi.

"Alhamdulillahi, tumepata mpimaji," akasema. Akanipa kipande cha pamba na chupa ya spirit. "Anza kupima uchafu huu."

Uchafu ulikuwa kwenye kichwa cha rekoda, kile kipande kidogo cha chuma kinachogusana na kanda na kuisoma. Hewa ya chumvi huku kwetu hukivisha utando wa rangi ya chai, na hapo sauti huanza kuzama kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Ami alinifundisha kusugua polepole, upande mmoja tu. Alinifundisha kuirudisha kanda kwa kuizungusha na penseli ili nisimalize mawe ya redio, yaani betri, kuyatoa mawe kila jioni kwa sababu yakivuja hula springi za rekoda, na kutowahi kuacha kanda juani ndani ya gari. Chuo kikuu hakikunifundisha hata moja kati ya hayo. Kilinifundisha jinsi ya kupima kama mtihani unapima kile unachodai kupima, na nilidhani hapa hakuna atakayeniuliza jambo hilo. Kweli, hakuna aliyeniuliza.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Wafadhili wa ng'ambo walitoa rekoda na kanda kwa shule za msingi zilizochaguliwa, za mjini na za bara. Kanda zilikuwa na masomo ya hesabu kwa madarasa ya chini, kwa Kiswahili, na mwalimu wa kwenye kanda alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kupendeza. Angesalimu, angesimulia kisa kifupi cha mayai au machungwa, kisha angeuliza swali na kunyamaza kidogo ili watoto wajibu. Kisha ingelia kengele, naye angesema, "Vizuri sana, ni saba." Mwisho wa mwaka pangekuwa na mtihani, nao ungetolewa na kanda vilevile.

Niliuliza tangu wiki ya kwanza ni nani aliyethibitisha kwamba mtoto wa huku hujifunza zaidi kwa kanda kuliko kwa mwalimu wake. Niliuliza pia kwa nini mawe ya redio yalikuwa hayamo katika mpango. Mkaguzi aliyesimamia mradi, mtu mrefu aliyependa kutembea na kalamu tatu mfukoni, alinitazama kama anayetazama nzi ndani ya kikombe.

"Bwana Digrii," akasema, "umeajiriwa kuuliza au kupeleka mashine?"

Nikasema naweza kufanya yote mawili. Tangu siku hiyo jina la Bwana Digrii likanishika, na Ami ndiye aliyelieneza.

Marafa ilikuwa safari yangu ya kwanza ya bara. Nilikuta mwalimu mkuu ameifungia rekoda ndani ya kabati la chuma. Kila Ijumaa alilifungua, watoto wakapangwa mstari, wakapita mmoja mmoja kuitazama. Haikuwa imewashwa hata mara moja. Nilimuuliza sababu, akanijibu kwa upole kwamba ikiharibika ataulizwa yeye, lakini watoto wasipojua hesabu hakuna atakayeulizwa. Nilikasirika njia nzima ya kurudi, vumbi jekundu limenijaa masikioni. Nilipofika nyumbani kwangu mtaa wa Barani, mjini, na kuoga, hasira ilibaki lakini ilikuwa imehama. Yule mzee alikuwa amesema kweli tupu, na waliomfundisha ukweli huo walikuwa wakubwa zangu.

Mambrui ilikuwa kinyume chake kabisa. Darasa la tatu lilikuwa la Bi. Zuhura, mwalimu wa makamo, mkali wa maneno, mwenyeji wa palepale. Siku nilipompelekea rekoda aliizunguka mara mbili kisha akaniuliza kama inajua kupangusa makamasi. Nikasema haijui. "Basi mimi bado nina kazi," akasema, akaichukua.

Lazima niseme haki, ingawa mimi nilitaka mradi ule ushindwe: kwa Bi. Zuhura ulifaulu. Wale watoto wengi wao walikuwa wa chuoni, wanafunzi wa Kurani, wamezoea tangu wadogo kusoma kwa kuitikia kwa pamoja, sauti moja ikitangulia na nyingine zikifuata. Kanda iliwaingia kama kitu walichokuwa wakikijua. Sauti ilipowasalimu, walisimama wote wakaitikia na kuipa shikamoo. Ilipouliza, walijibu. Wakijibu kwa nguvu au kwa unyonge, ile sauti ilikuwa na maneno yake yaliyorekodiwa: "Sikuwasikia! Semeni tena, kwa nguvu!" Basi wakasema kwa nguvu, hata wapita njia wakasimama nje ya uzio kusikiliza hesabu.

Kulikuwa na msichana mmoja, Mwanaisha, ambaye watu wake walikuwa wamehamia Mambrui kutoka visiwa vya kaskazini. Alikuwa haongei darasani. Wenzake walimcheka lahaja yake, naye akaamua kuifunga. Bi. Zuhura aliniambia kwamba mwaka mzima wa darasa la pili hakuna mwalimu aliyemsikia akijibu swali. Lakini ile sauti ya kwenye kanda haikumcheka, na katikati ya kelele za wenzake hakuna aliyemtambua. Alianza kujibu. Kabla ya muhula wa pili kwisha alikuwa akijibu wa kwanza, na Bi. Zuhura alikuwa akimsikia hata anapouliza yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Niliyaona hayo kwa macho yangu, ndiyo maana yaliyofuata siwezi kuyaeleza kwa utulivu.

Ukafika mtihani. Kanuni zilitoka kwa wataalamu: mwalimu wa darasa asiwemo chumbani, msimamizi atoke shule nyingine, mtu wa kituo awashe rekoda, na kanda isisimamishwe mpaka iishe. Kila mtoto alipewa karatasi ya stensili yenye visanduku vitatu kwa kila swali, atie alama kwenye kisanduku cha jibu sahihi. Wino ulikuwa hafifu, na picha ya kuku haikutofautiana na ya birika, lakini hilo tuliache.

Niliwasha. Sauti ikawa ileile ya mwaka mzima. Hawakubadilisha hata mtu.

"Hamjambo, watoto?"

Darasa zima likasimama. "Hatujambo, mwalimu. Shikamoo."

Msimamizi akawaambia wakae na wanyamaze. Wakakaa. Sauti ikasema kwamba Juma ana mayai manne, na mama yake amempa mengine matatu, sasa anayo mangapi? Kisha ikanyamaza, kwa kipimo kilekile cha kunyamaza walichokizoea.

"Saba!" likajibu darasa.

Msimamizi akapiga meza. Alikuwa kijana kama mimi, na nafikiri aliogopa. Aliwaambia huu ni mtihani, atakayefungua mdomo atatoka nje. Swali la pili likaja. Watoto wakatazamana. Wengine wakaziba midomo kwa viganja, na jibu likapenya katikati ya vidole. Mvulana wa mbele akasimama kumweleza msimamizi, bila ufidhuli wowote, kama anayemsaidia mgeni: "Lakini ametuuliza."

Nikaizima rekoda. Msimamizi akaniambia niiwashe, kanda haisimamishwi. Nikamwambia watoto hawa wamefundishwa mwaka mzima kuijibu sauti hii kwa nguvu, hawawezi kujua kwamba leo ikiuliza haitaki kujibiwa. Akasema mimi ni fundi wa rekoda, niwashe. Aliashiria zile kanuni zilizobandikwa ukutani. Niliwasha, kwa sababu angeweza kuiwasha yeye mwenyewe na angeikata kanda. Mpaka mwisho walikuwa wakijibu, wengine kwa kunong'ona, wengine wakiwa wamejisahau. Majibu yalikuwa sahihi karibu yote. Bi. Zuhura aliyasikia kutoka chini ya dirisha. Aliniambia baadaye kwamba mwanzo alifurahi, kisha akakumbuka ni siku gani, akakaa chini mchangani.

Uamuzi ulitoka haraka, jambo lisilo la kawaida katika ofisi ile. Darasa la tatu lilikuwa limefanya udanganyifu wa pamoja. Matokeo yamefutwa. Darasa zima litarudia mwaka.

Mama yake Mwanaisha alikuja kituoni kwa miguu yake. Alivaa buibui, ameshika kipepeo cha ukili cha kujipepea, na hakutaka kiti.

"Nimeambiwa mwanangu ameiba mtihani," akasema. "Nataka kumjua aliyeibiwa."

Nikamweleza yaliyotokea. Alisikiliza, kipepeo kikiwa kimetulia.

"Ameulizwa na mtu mzima, akajibu. Hayo nimemfunza mimi. Kwa hivyo ni mimi niliyefeli?" Kisha akasema lile lililomleta. Babu yake Mwanaisha alikuwa ametoa neno: mtoto wa kike akirudia darasa hana haja ya shule, akae nyumbani asuke ukili wa mikeka na wenziwe. Alikuwa amekwisha kumwekea nafasi ukumbini mwa wasukaji. "Wewe umesoma, mwanangu. Kawaambie hao wenzio."

Nilijaribu kuwaambia kwa mdomo nikaambulia kicheko. Basi Ami Athmani akanishauri kwamba watu wa mashine huamini mashine. Ofisi ilipoitisha kikao kuhusu malalamiko ya shule, nikaingia na rekoda niliyoisafisha kichwa mwenyewe, yenye mawe mapya. Alikuwapo mkaguzi na kalamu zake, maofisa wawili ambao hawakusema kitu mwanzo hadi mwisho, karani wa kuandika, Bi. Zuhura, na mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Shee, aliyekuwa ameweka kofia yake pajani.

Nilianza na kanda ya masomo. Sauti ikajaa chumbani: "Sikuwasikia! Semeni tena, kwa nguvu!" Nikaisogeza mbele, ikasema tena hivyohivyo. Nikaisogeza mara ya tatu. Kisha nikatia kanda ya mtihani, nikaiacha ianze tangu mwanzo.

"Hamjambo, watoto?"

"Hatujambo," akaitikia Mzee Shee, macho yake yakiwa kwenye kofia. Karani naye akaitikia, chinichini, kalamu ikiendelea kuandika.

Nikazima. Nikauliza kama na hao tuwafutie matokeo.

"Usilete mzaha, Bwana Digrii," akasema mkaguzi. "Huyu ni mzee."

"Ndiyo, na ameshindwa kunyamaza," nikasema. "Wale ni watoto wadogo."

Mzee Shee akasema hakushindwa. Amesalimiwa, ameitikia, na kama kuna mtu chumbani humo aliyesalimiwa akanyamaza, huyo ndiye wa kuulizwa kwao ni wapi. Mkaguzi akakohoa. Akasema shule nyingine zilikaa kimya, kwa hivyo inawezekana. Nikamwomba ataje moja ya mfano. Akaitaja ya Marafa, na akaisifu kwa nidhamu ya hali ya juu.

Wasomaji wangu, nilishika ukingo wa meza. Watoto wa Marafa walikuwa wamekaa kimya kwa sababu ile ndiyo ilikuwa siku yao ya kwanza kuisikia rekoda ikitoa sauti. Walikuwa wamefeli karibu wote, kwa utulivu mkubwa. Niliyasema hayo yote palepale, pamoja na habari za kabati la chuma. Nikasema mtihani huu haupimi hesabu, unapima ni nani ambaye hakutumia kanda zetu. Mkaguzi akajibu kwamba mtihani umeandikwa na wataalamu, na kwamba muhtasari wa matokeo umekwisha kuandaliwa kwa ajili ya wafadhili, na ndani yake limo neno udanganyifu, nalo haliwezi kutolewa bila sababu ya kitaalamu.

Kilichotuokoa, kama tuliokolewa, ni kwamba Mzee Shee alikataa kusimama. Alisema hatoki mpaka asikie watoto wa Mambrui wanapanda darasa, na akaomba aletewe maji ya kutawadha. Mchana ulipoingia, wakakubali mtihani urudiwe, baada ya wiki moja, kwa kanda nyingine, kwa sauti ileile. Mtoto hata mmoja akijibu kwa mdomo, wote wanarudia mwaka.

"Kwa hivyo mnataka niwafunze wasijibu wakiulizwa," akasema Bi. Zuhura.

"Tunataka uwafunze nidhamu," akasema mkaguzi.

Akawafunza. Nilikuwapo, kwa sababu mimi ndiye niliyewasha rekoda. Aliwafundisha kubana midomo kwa vidole vya mkono wa kushoto na kutia alama kwa mkono wa kulia. Sauti iliposalimu, aliyesimama alirudishwa chini. Aliyejibu alikwenda kukaa kibarazani, wenzake wakianza upya bila yeye. Siku za mwanzo mabega yao yalikuwa yakiruka kila ile sauti inaponyamaza, kama mtu anayezuia chafya. Mwanaisha alipelekwa kibarazani mara nyingi kuliko wengine. Ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Bi. Zuhura alifanya kazi hiyo kwa uso mkavu, hakuniangalia hata mara moja, na aliponipa mkono wa kwaheri jioni vidole vyake vilikuwa baridi.

Siku ya marudio darasa lilinyamaza. Sauti ilisalimu, hakuna aliyesimama. Iliuliza mpaka ikamaliza, na kilichosikika ni penseli tu. Walipita. Wote walipanda darasa la nne, Mwanaisha akiwa miongoni mwa wa juu, na babu yake ikambidi atafute mtu mwingine wa kujaza ile nafasi ukumbini. Mama yake akaniletea mkate wa sinia kituoni. Ami Athmani alikata kipande kikubwa, akanipa kidogo, akaniambia nile ushindi wangu. Sikuelewa kwa nini alikuwa hacheki.

Mwaka uliofuata wakaja wageni, wale wa ng'ambo waliotoa rekoda. Mkaguzi aliwapeleka Mambrui, darasa la nne, kwa sababu sasa lilikuwa na matokeo mazuri. Haukuwa mtihani. Lilikuwa somo la kawaida, kanda mpya, na Bi. Zuhura alikuwa ameombwa ahame nao ili wageni wamwone. Nikawasha.

"Hamjambo, watoto?"

Mikono ya kushoto ikapanda midomoni, safu baada ya safu. Kimya.

"Sikuwasikia," ikasema sauti. "Semeni tena, kwa nguvu!"

Kimya. Bi. Zuhura akawaambia wajibu, huu si mtihani. Walimtazama kwa adabu, vidole vikiwa palepale. Walikwisha kuelezwa mara moja kwamba kuna siku ya kujibu na siku ya kutojibu, na hawakuwa na njia ya kujua ni ipi, basi wakachagua ile isiyoadhibiwa. Wageni wakaandika. Mmoja wao alisema kwamba hajawahi kuona watoto wa umri huo wakisikiliza kwa utulivu namna hiyo. Mkaguzi akanigeukia akitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

Nilitaka yaandikwe yaliyowafikisha watoto pale. Nilikwenda ofisini kwake zaidi ya mara moja. Aliniambia wageni wameridhika, wameahidi rekoda zaidi, na kwamba mtu anayelalamika wakati wa furaha ana lake jambo. Nikaandika barua yangu ya kuacha kazi, ambayo, kama nilivyosema, mimi naiita ya kustaafu.

Ufunguo wa stoo uko kwa Ami, naye hatautoa mpaka msugue kichwa kimoja mbele yake. Spirit imebaki nusu chupa. Kanda za darasa la tatu zimeanza kuvutika, zirudisheni kwa penseli. Na mkiletewa mtihani wa kusikiliza, usikilizeni kwanza nyinyi wenyewe, wote mkiwa mmekaa pamoja, mkaone ni nani kati yenu ataitikia salamu.

Siku ile ya wageni, walipokwisha kwenda kunywa madafu, nilimkuta Mwanaisha peke yake kibarazani, anafunga kamba ya mkoba wake. Nilimuuliza kwa sauti yangu mwenyewe, bila mashine yoyote karibu, nne na tatu ni ngapi. Alijua. Niliona machoni kwamba anajua. Mkono wake wa kushoto ukapanda ukabana midomo, na wa kulia ukaanza kupapasa ndani ya mkoba, kutafuta penseli.